Dodoso la hali ya mgonjwa kliniki ya kisukari: lina maana, au ni karatasi nyingine ya kujaza?

Muuguzi_wa_Alhamisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni muuguzi, kliniki ya kisukari ya watu wazima, hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja. Tumeletewa hoja kwamba kila mgonjwa awe anajaza dodoso kuhusu anavyojisikia na anavyoishi na sukari yake, mbali na vipimo vya kawaida. Kikao kiligawanyika. Nusu wanasema ndicho tulichokuwa tunakikosa, nusu wanasema ni mambo ya wafadhili, tutajaza mwaka mmoja kisha karatasi ziishie stoo. Nimeona nilete hapa, maana jamvini kuna watu wa fani na kuna wenye sukari wenyewe.

Kwa asiyejua kliniki inavyokwenda: mgonjwa anafika alfajiri hajala, anapimwa uzito, presha na sukari, anakaa foleni. Mwenye bahati anapata na kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c. Daktari anasoma namba, anaongeza dawa au anaiacha, kadi inaandikwa tarehe ya kurudi, anayefuata. Katika zile dakika chache hakuna namba inayosema kama mama huyu analala, kama nyayo zinamuwaka moto hadi anatoa miguu nje ya shuka, au kama aliacha vidonge tangu mwezi uliopita kwa sababu vinamharisha.

Na si kwetu tu. Utafiti wa DAWN2, uliofanyika nchi 17 na kutolewa mwaka 2013, ulikuta karibu asilimia 45 ya watu wazima wenye kisukari wana msongo unaotokana na ugonjwa wenyewe, lakini waliosema wahudumu wao waliwauliza kisukari kinaathiri vipi maisha yao ni kama asilimia 24 tu. Nchi nyingi kati ya hizo zina hela kuliko sisi.

Mapendekezo ya ICHOM, shirika la kimataifa linaloshughulika na upimaji wa matokeo ya matibabu, kwa kisukari cha watu wazima yanataja madodoso matatu: WHO-5 kwa ustawi wa nafsi, PAID kwa msongo wa kisukari, na PHQ-9 kwa sonona, angalau mara moja kwa mwaka. Jumla ni maswali 34. Mgonjwa wangu hajanywa hata chai.

Karibuni.

---

Bwana_Kivuli

Siti ya mbele. Nasubiri madaktari waje.

---

Dokta_Mbishi

Dada muuguzi, nimekuja, na nimekuja kupinga.

Nafanya kliniki kama yako. Asubuhi moja naona watu ambao mwenzangu wa Ulaya angewaona wiki nzima. Vijiti vya kupimia vinaisha katikati ya mwezi. HbA1c yenyewe haipatikani kwa wote. Halafu niambiwe kipaumbele ni kumuuliza mgonjwa anajisikiaje?

Kuna jaribio la Amsterdam, Pouwer na wenzake, lilitoka mwaka 2001. Waligawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilijaza maswali ya ustawi wa nafsi na muuguzi wa kisukari akazungumza nao kuhusu majibu, kundi la pili likapata huduma ya kawaida. Mwisho wa mwaka hali ya moyo ya kundi la kwanza ilikuwa nafuu zaidi, HbA1c haikutofautiana. Sasa mimi napimwa na nani kwa hali ya moyo? Mkoa wanaulizia sukari na vidonda vya miguu.

---

Muuguzi_wa_Alhamisi

Daktari, shikamoo, nashukuru kwa kuja. Lakini hilo jaribio linanisaidia mimi kuliko wewe. Watu waliishi mwaka wakiwa na nafuu ya moyo kwa mazungumzo tu na muuguzi, bila dawa mpya. Vidonge vingapi tunatoa ambavyo mgonjwa hahisi tofauti yoyote? Sikuleta dodoso kama dawa ya kushusha sukari.

---

Dokta_Mbishi

Marahaba. Mbishi hajibiwi mara moja akatulia, endelea tu 😀

---

Kijana_wa_Chumbageni

Mimi nina kisukari cha aina ya kwanza, tangu sekondari. Naomba niseme kama mjazaji wa hizo karatasi.

Kliniki naulizwa swali moja: "Dawa unatumia?" Nasema ndiyo. Si uongo, natumia. Hakuna aliyewahi kuniuliza natumia kiasi gani. Kuna miezi napunguza uniti za insulini ili chupa ifike tarehe ya kliniki. Asubuhi nachoma nusu, usiku nachoma kulingana na nilichokula, na siku ambazo hela ya chakula ni ndogo nachoma kidogo zaidi kwa sababu naogopa sukari kushuka nikiwa nimelala. Nakaa peke yangu. Nani ataniamsha?

Daktari anaona sukari ipo juu, ananihubiria kuhusu ugali na soda. Soda sinywi.

Kwa hiyo dodoso mlete, ila liulize mambo ya maana. Likiniuliza kama "nimekuwa mchangamfu na mwenye furaha" kisha lisiulize kuhusu hela ya insulini, nitajaza ili yaishe tu.

---

Mama_Tunu

Pole mwanangu. Umesema kweli tupu. Na hiyo insulini unaihifadhi wapi?

---

Kijana_wa_Chumbageni

Kwenye mtungi mama, na mchanga wenye maji. Friji sina. Inakaa sawa, nilifundishwa na mwenzangu wa foleni, si kliniki.

---

Dokta_Mbishi

Kijana, umenigusa pabaya na nitaeleza kwa nini, maana hii ni hoja ya kitabibu si ya huruma.

Chukua mgonjwa anayeandikiwa uniti 40 kwa siku, anachoma 22 ili chupa ifike. HbA1c inarudi mbaya. Mimi sijui anapunguza, kwa hiyo nampandisha hadi 50. Anaendelea na 22 zake. Kliniki nyingine nampandisha tena. Siku moja mtoto wake anamtumia hela, ananunua chupa za kutosha, anaamua sasa atafuata maelekezo ya daktari kikamilifu. Anachoma dozi yote niliyomwandikia. Usiku huo anazimika.

Wagonjwa wa namna hii wanafika mapokezi ya dharura na sukari chini ya 3, na kwenye faili hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwa anapunguza. Kwa swali hilo moja niko tayari kumwongezea mtu dakika mbili. Kwa maswali 34 bado napinga.

---

Fundi_Takwimu

Naona mjadala umefika mahali pazuri, ngoja niweke mambo ya vipimo yenyewe. Kazi yangu ni data za afya.

PAID ilitengenezwa kituo cha kisukari cha Joslin, Boston, ikatoka 1995. Maswali 20, kila moja unajipa 0 hadi 4 kulingana na jambo hilo linavyokusumbua, jumla inazidishwa kwa 1.25 ili iwe kati ya 0 na 100. Kuanzia 40 tunasema msongo ni mkubwa. Ina toleo fupi la maswali matano, PAID-5, ambalo alama 8 kati ya 20 inatosha kukushtua. Kijana yuko sahihi: katika maswali yote 20 hakuna hata moja linalouliza pesa. Lipo la kuhofia sukari kushuka, lipo la kujilaumu unapokwenda kinyume na mpango wa matibabu, lipo la kuhisi familia haikuungi mkono, hata la kutoridhika na daktari wako. Bei ya dawa hakuna. Waliokuwa wanaulizwa walikuwa Boston.

WHO-5 ni sentensi tano kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 5, jumla unazidisha kwa 4. Chini ya 50 unatakiwa umwangalie mtu kwa karibu. Ni bure, na Kiswahili chake kipo.

PHQ-9 nayo Kiswahili ipo na imejaribiwa Kenya na Tanzania, alama 10 na kuendelea ndipo tunaposhuku sonona. Ila kwa mwenye sukari ina mtego. Inauliza uchovu, usingizi na hamu ya kula. Mtu mwenye sukari 18 anaamka kukojoa mara nne usiku, mchana amechoka, chakula kinampita tu. Anaweza kupata alama nyingi za sonona kumbe ni sukari. Na kinyume chake, yupo mwenye msongo wa kisukari, amechoshwa na kudungwa na kujinyima, lakini hana sonona. Huyo ukimpa dawa ya sonona humsaidii. Anahitaji mzigo upunguzwe. Ndiyo maana PAID na PHQ-9 haviwezi kubadilishana nafasi.

Jambo la kutisha ni swali la tisa la PHQ-9. Linauliza kama mtu amewaza kwamba bora afe au ajidhuru. Ukiligawa swali hilo saa moja asubuhi, karatasi ikakaa kwenye boksi hadi Ijumaa ndipo mtu aingize kwenye kompyuta, umemwacha mtu peke yake baada ya kukuambia. Kama hamna mtu wa afya ya akili wa kumpokea siku hiyohiyo, msianze na PHQ-9.

---

Muuguzi_wa_Alhamisi

Hilo la swali la tisa halikusemwa kikaoni. Asante sana, Fundi.

---

Mswahili_Göteborg

Salaam kutoka Sweden. Nina aina ya pili, natibiwa huku, niwaambie wenzetu wanavyofanya.

Wana rejista ya taifa ya kisukari, ilianza 1996, iko hapahapa Göteborg. Zamani ilikuwa namba za damu, presha, macho, miguu. Baadaye wakatengeneza dodoso lao wenyewe. Hawakulichukua Marekani likiwa tayari. Walianza kwa kuwahoji watu wazima wenye kisukari: nini hasa ni muhimu kwako, unaweza kuishi maisha unayoyataka? Wakatoka na maswali 33. Kuna upande wa unavyojisikia: nguvu, wasiwasi wa sukari kushuka au kupanda, kama kisukari kinakuzuia kufanya mambo yako. Na kuna upande wa huduma: unapata msaada unaouhitaji, unampata mhudumu unapomtaka?

Najaza kabla ya siku yangu. Nikifika, muuguzi ameshayaona majibu kwenye skrini na tunaanzia pale palipo chini. Mara ya mwisho tulizungumza usingizi, sukari tukaigusa mwishoni.

Jambo moja waliloligundua, na naona linamjibu Dokta: majibu ya watu na HbA1c yao havifuatani sana. Yupo mwenye kipimo kizuri mno ambaye anaishi kwa hofu, na yupo mwenye kipimo kibaya anayeona maisha yanakwenda. Ukiwa na kimoja huwezi kukisia kingine.

---

Dokta_Mbishi

Huyo mwenye kipimo kizuri na hofu namfahamu. Anajipima mara kumi kwa siku na hagusi wali wa sikukuu. Kliniki tunampigia makofi.

---

Mama_Tunu

Wanangu, mimi ni mwenye sukari na pia nasaidia wenzangu kliniki, nawapanga foleni na kuwasomea kadi.

Mnasahau kitu. Mtu wa huku pwani ukimuuliza hali, atasema Alhamdulillah. Hata mguu umeoza, Alhamdulillah. Kulalamika mbele ya mtu anayekupa dawa ni kukosa adabu, na tena unaogopa akikasirika. Sasa wengi wetu macho hayaoni vizuri, wengine hawakusoma. Nesi akinisomea swali "je, unaridhika na huduma?" huku ameshika sindano, mimi nitajibu nini? Ninaridhika sana mwanangu, Mungu akuweke.

Anisomee mwenzangu mwenye sukari, tukae pembeni chini ya mwembe. Nitamwambia hata nisiyomwambia mume.

---

Fundi_Takwimu

Mama, shikamoo. Hilo ndilo jambo gumu kuliko mahesabu yote niliyoyaandika hapo juu. Jibu linabadilika kutokana na anayesoma swali. Mkichanganya, wengine wajaze wenyewe, wengine wasomewe na nesi, wengine na jamaa yake aliyemsindikiza, alama zao hazilinganishiki. Andikeni juu ya karatasi nani alisoma.

Na wazo la kusomewa na mwenzako si geni. Kliniki za CTC, zile za tiba na matunzo ya VVU, zina WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi ambao wanawapokea wenzao, wanazungumza nao kabla ya daktari. Kisukari hatuna utaratibu huo, na wagonjwa ni walewale wa maisha yote.

---

Mama_Tunu

Marahaba baba.

---

Mzee_wa_Pugu

Nimesoma kimya, sasa naomba niongee kwa jina la bandia.

Nina sukari mwaka wa kumi na zaidi. Nguvu za kiume zilianza kuondoka taratibu, sasa hazipo. Kliniki pale mezani anakaa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Daktari naye mlango wazi, mwenzangu anayefuata kasimama karibu ananisikia. Niseme? Nimenunua unga wa barabarani, nimenunua vidonge vya rafiki, nyumba imekuwa baridi. Ingekuwepo karatasi yenye kisanduku cha kuweka tiki, ningetia tiki siku ya kwanza.

---

Dokta_Mbishi

Mzee wangu, shikamoo. Asante kwa ujasiri, na wengi watanufaika.

Mambo matatu kwa haraka. Hilo tatizo ni la kawaida sana kwa wanaume wenye kisukari, na linatibika. Pili, linaweza kuwa dalili ya mapema kwamba mishipa ya damu inaziba kwingine, pamoja na moyo, kwa hiyo daktari wako anatakiwa kulijua hata kama wewe umeshakata tamaa nalo. Baadhi ya dawa za presha nazo huchangia. Tatu na hili ni onyo: vidonge vya rafiki usimeze bila kupimwa. Ukiwa unatumia dawa za moyo za kundi la naitreti, presha inaweza kuporomoka ukafa.

Nakiri kisanduku cha tiki kingenifikisha kwako haraka kuliko mimi kukuuliza mlango ukiwa wazi.

---

Bwana_Kivuli

Dokta_Mbishi anabadilika jina taratibu 😂

---

Dokta_Mbishi

Bado. Nina swali ambalo hamjaligusa: alama hizi zinakwenda wapi? Najua itakavyokuwa. Mwaka wa kwanza zinabaki kwenye faili. Mwaka wa pili mtu wa ofisini anazijumlisha, anatengeneza jedwali la hospitali, ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka wa tatu wauguzi wanawaambia wagonjwa "weka kubwa hapo mama, tusije tukafokewa".

---

Fundi_Takwimu

Hofu ya kweli. Hospitali ya rufaa inapokea waliokatwa miguu na wanaosafishwa figo. Zahanati inapokea waliogunduliwa jana. Ukiziweka kwenye jedwali moja unaiadhibu ya rufaa kwa kupokea wagonjwa wagumu. Alama ya mgonjwa ilinganishwe na alama yake mwenyewe ya mwaka jana. Na hata hapo, mabadiliko ya pointi mbili tatu yasikusumbue, mtu anaweza kuwa amegombana na mwanawe asubuhi.

---

Shangazi_wa_Likoni

Nauliza kutoka Mombasa. Ramadhani je? Kwetu wenye sukari wengi wanafunga hata wakikatazwa. Mwongozo wa IDF-DAR wa 2021, wa kisukari na Ramadhani, una alama za hatari kabla ya kufunga, zaidi ya 6 ni hatari kubwa, na mojawapo ya vitu vinavyohesabiwa ni kama sukari yako imewahi kushuka vibaya. Lakini hilo analijua nani kama mgonjwa hakuulizwa? Anayezimikia nyumbani akapewa maji ya sukari na jirani hafiki hospitali. Haandikwi popote.

---

Muuguzi_wa_Alhamisi

Shangazi, umenipa swali.

Nimeandika rasimu wakati nawasoma. Nimeacha maswali 34. Sehemu ya kwanza ni PAID-5 kama ilivyo, tutafsiri kwa watafsiri wawili, mwingine airudishe Kiingereza, halafu tukae na wagonjwa kadhaa tuwaulize wameelewa nini kabla ya kuchapa. Sehemu ya pili ni maswali yetu wenyewe, ya ndiyo au hapana: tangu kliniki iliyopita, umewahi kushuka sukari hadi mtu mwingine akakusaidia? Kuna dawa au insulini uliyoipunguza au kuiruka kwa sababu ya hela? Kuna dawa unayoiruka kwa sababu inakusumbua mwilini? Miguu inawaka au ina ganzi? Una shida ya tendo la ndoa ambayo ungependa kuzungumza faragha? Na mstari mmoja mtupu mwishoni: leo ungependa daktari akusaidie nini kwanza?

Karatasi inaingia ndani ya faili, juu kabisa, kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. PHQ-9 inasubiri hadi tupate mtu wa afya ya akili.

---

Dokta_Mbishi

Swali la insulini ligeuze. Ukiuliza "umewahi kupunguza" anaona unamtega. Andika: "Watu wengi hulazimika kupunguza insulini ili ifike mwisho wa mwezi. Wewe imekutokea?" Atatiki bila aibu.

Na lile la dawa inayosumbua, liwekeni hata mkiacha mengine. Nusu ya wanaoacha metformini, vile vidonge vya kisukari, wangeendelea nayo wangejua waimeze katikati ya chakula, waanze na dozi ndogo. Hiyo nusu ni makadirio yangu ya mezani, Fundi usinishike.

Anzeni na wanaochoma insulini peke yao. Ukiwaanzishia wote siku moja mtachoka, na karatasi zitarudi stoo kama mlivyosema.

---

Fundi_Takwimu

Nimekuachia hiyo moja.

---

Mama_Tunu

Mimi najitolea kusoma Alhamisi. Nitafute mwanangu, foleni nipo tangu saa kumi na mbili.

---

Muuguzi_wa_Alhamisi

Mama, nitakutafuta kesho hiyohiyo. Swali la insulini nimeshalibadilisha. Tunaanza na wa insulini.

---

Kijana_wa_Chumbageni

Ombi la mwisho basi. Mtuwekee na meza. Kujaza karatasi juu ya paja huku mkono mwingine umeshika kopo la mkojo haiwezekani.